Mbu wa Mabogini, nzi wa maabara: nani aulizwe swichi ya jeni iko wapi?

Majaruba ya Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Kilimanjaro, hayawapi shida ya mazalia mbu aina ya Anopheles arabiensis. Kwamba mbu hao wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa inayotiwa kwenye vyandarua, halibishaniwi tena. Ubishi uko hatua moja mbele. Usugu ukiletwa na vimeng'enya vinavyovunja sumu, vile vya kundi la P450, jeni zake hazikuzuka jana. Mbu dhaifu, yaani anayeuawa na dawa, anazo pia, ila kwa mbu sugu zimewashwa zaidi. Nani basi atuonyeshe swichi, yaani kinachoamua jeni iwashwe kiasi gani: mbu mwenyewe, au nzi wa matunda, Drosophila, ambaye maabara za dunia zimemzoea?

Wanaomtetea nzi wana hoja nzito. Mwaka 2002 ilibainika kwamba nzi sugu kwa DDT wana kipande cha DNA inayohamahama, Accord, kilichojipachika mbele ya jeni Cyp6g1. Kipande hicho huongeza unakiliaji wa jeni hiyo kuwa RNA, yaani huiwasha zaidi, kwenye utumbo wa kati, mirija ya Malpighi na mafuta ya mwili, yaani kule kule sumu inakovunjwa. Baadaye kwa mbu Anopheles funestus wa kusini mwa Afrika kilipatikana kipande cha herufi 6,500 za DNA kati ya jeni CYP6P9a na CYP6P9b, nacho kinafanya kazi ya namna hiyo. Nzi alikuwa ameshaonyesha pa kuchungulia.

Nzi ana faida nyingine: mfumo wa GAL4 na UAS, uliotangazwa mwaka 1993. GAL4 ni protini inayowasha jeni; UAS ni kipande cha DNA inapojishikiza. Jeni ya mbu inawekwa nyuma ya UAS, nzi huyo anapandishwa na mwenye GAL4, na watoto wao wanatengeneza kimeng'enya cha mbu. Wakiwekewa deltamethrin, mojawapo ya pairethroidi, wakaishi kuliko nzi wasio na jeni hiyo, kimeng'enya kina uwezo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Aliyewasha jeni ni GAL4, protini ya hamira. Swichi ya mbu iliachwa nyuma. Hata elektroni ambazo P450 inahitaji zinatoka kwa protini mwenza ya nzi. Jaribio linajibu kama kimeng'enya kinaweza, wakati swali lilikuwa kwa nini kimeongezeka.

Upande wa pili unataka mbu apimwe moja kwa moja kwa qPCR, kipimo kinachokadiria nakala za RNA za jeni. Naegemea huku, lakini kipimo hiki kina mitego. Chukua majike ya siku 3 hadi 5 yasiyolishwa damu, wote saa ile ile ya siku, kwa sababu baadhi ya jeni hizi hupanda na kushuka kwa saa ya mwili. Weka 10 kwa kila bomba. Mbu aliyekufa kwa dawa hafai, RNA yake imeshaanza kuoza. Aliyenusurika naye asichukuliwe papo hapo, maana dawa yenyewe inaweza kuwa imeamsha jeni. Bora wasioguswa na dawa kutoka kundi lile lile. Usiporuka hatua ya kuondoa DNA, mashine haitahesabu DNA badala ya RNA.

Hesabu ni nyepesi: kila mzunguko mashine huongeza nakala maradufu, hivyo jeni yenye RNA nyingi huonekana mzunguko wa mapema. Mbu sugu: P450 mzunguko wa 22, jeni rejea (ya kulinganishia) RPS7 wa 18, tofauti 4. Mbu dhaifu: 25 na 18, tofauti 7. Pengo ni 3, yaani mara 8. RPS7 ikipotoka mzunguko mmoja tu upande mmoja, 8 inakuwa 4 au 16. Kosa lingine halionekani kwenye mashine: kulinganisha arabiensis na mbu dhaifu wa maabara waitwao Kisumu, ambao ni Anopheles gambiae. Hapo unaweza kuwa unapima tofauti ya spishi. Mbu wa maabara waitwao Dongola, arabiensis wenzao, wanafaa zaidi.

Na hata mara 8 iliyopimwa vizuri haisemi swichi iko wapi. Inaweza kuwa kando ya jeni, kama Accord, au kuwa protini ya mbali inayoamrisha jeni nyingi kwa pamoja, kama Maf-S kwa mbu wa jamii ya gambiae. Kutenganisha hayo hakuhitaji nzi. Pandisha mbu sugu na dhaifu, kisha kwa chotara hesabu nakala za RNA za kila mzazi, ukizitambua kwa herufi moja inayotofautiana. Ndani ya seli moja amri za mbali zinazifikia nakala zote mbili sawasawa. Ya mzazi sugu ikiendelea kuongoza, swichi iko kando yake. Zikilingana, iko kwingine.

Jibu hilo lina bei yake. Swichi ikiwa kando ya jeni, kijijini unatosha mguu mmoja wa mbu uliokaushwa kwa silika na PCR ya kawaida ya DNA, kama inavyofanyika tayari kwa CYP6P9a. Ikiwa mbali, kuichunguza jeni yenyewe kwa PCR hiyo hakutaonyesha kitu, na kila sampuli itaendelea kutegemea friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta yenye mafuta.