Viazi karai vimeshasifiwa, wewe unaongeza nini?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu anafungua tovuti ya kuhakiki vyakula vya Mombasa. Si kazi yake, ni mapenzi tu. Swali aliloniletea ni hili: anoe uandishi kwanza, au atafute kwanza cha kumtofautisha na wengine?

Wanaosema atafute upekee wana hoja nzito. Biriani ya Mji wa Kale na mihogo ya ufukweni Mama Ngina imesifiwa na kila mgeni aliyetoka Fort Jesus na simu mkononi. Anayerudia sifa hizo leo, hata awe na ulimi wa Muyaka, yule mshairi wa kale wa Mombasa, nani atajua kama yupo? Bora adamkie soko la Kongowea, malori yakishusha mizigo, awaulize wapagazi wanakunywa uji wapi. Au ashike mahamri peke yake, mtaa kwa mtaa, Kibokoni mpaka Likoni.

Na mfano upo. Jonathan Gold wa Los Angeles, mhakiki wa kwanza wa mikahawa kupata Tuzo ya Pulitzer, mwaka 2007, alijijengea jina kwa vijimkahawa vya wahamiaji. Ujanani alijipa kazi ya kula katika kila mkahawa wa barabara ya Pico.

Lakini barabara ile ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye njaa na nauli. Watu walimsoma Gold kwa jinsi alivyoandika.

Kijana alinionyesha alichoandika kuhusu viazi karai, vile viazi vya kuchovya kwenye unga na kukaanga: "Chakula kitamu, huduma nzuri, bei nafuu." Nikamwambia, ondoa "chakula kitamu" uweke "viatu imara", umeshahakiki duka la viatu. Ulikula saa ngapi?

"Saa mbili usiku, ami."

Vilikuwaje?

Akafikiri. "Unga umelegea. Vilikaangwa magharibi vikafunikwa. Lakini ule ukwaju! Pilipili yake inachelewa, unameza kwanza, halafu ndiyo inakufika."

Basi si hayo? Kwangu mimi uandishi bora ndio huo, wala si Kiswahili cha kutafutia maksi. Tahajia isahihishwe, ndiyo, na jina la mtaa lisikosewe, maana hilo watu wa hapa hawasamehi. Ila pilipili inayochelewa haifundishwi na kamusi, na aliyeiandika ameshajitofautisha bila kujua.

Ninapoachana na wapenda ubora ni pale wanapomwambia asichapishe mpaka aive. Ataivia wapi, kabatini? Hofu yangu iko kwingine: akianza kuchapisha kila siku ili aonekane, ataishia kupokea sahani za bure, na sahani ya bure haina unga uliolegea. Njia nyingine ya kuonekana ni ukali, nao ni rahisi mno. Mji wenyewe ndio huu. Muuza viazi anajuana na mamake. Akiandika kwamba unga umelegea, kesho atapita wapi?

Nikamwambia alipe mwenyewe, na kabla ya kumtia mtu ila arudi saa nyingine.

Amerudi, saa kumi na moja jioni. Anasema viazi vilikuwa vya moto, unga unavunjika mdomoni, ila safari hii ukwaju umezimuliwa maji. Sasa hajui aandike lipi. Mimi ningeandika yote mawili, na saa zake.