Shaba ya Sorokina na Vislova: ya uwanjani au ya mezani?

Wapenzi wa soka wanajua kuna pointi za uwanjani na pointi za mezani. Za mezani unapewa na kamati baada ya mpinzani kuvunja kanuni. Zinahesabika kama nyingine zote, ila watani wako hawakuachi upumue. Ukitaja medali ya shaba ya Valeria Sorokina na Nina Vislova, Warusi waliocheza badminton (mchezo wa kupigiana kinyoya kwa raketi juu ya wavu) ya wanawake wawili wawili kwenye Olimpiki ya London 2012, mjadala unaozuka ni huohuo.

Mkasa wenyewe ulitokea Wembley Arena jioni ya tarehe 31 Julai. Waliokuwa uwanjani ni Wachina Wang Xiaoli na Yu Yang dhidi ya Wakorea Kusini Jung Kyung-eun na Kim Ha-na. Wote walikuwa wameshafuzu robo fainali, na hakuna aliyetaka kuongoza kundi. Sababu ni kwamba jozi nyingine ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilikuwa imefungwa na Wadenmark na kuangukia nafasi ya pili katika kundi lake. Wang na Yu wakishinda, wangeweza kukutana na wenzao kabla ya fainali. Basi watu wakaanza kushindana kufungwa. Mchezaji anaanzisha, kinyoya kinaishia wavuni. Mwenzake naye anakipiga nje makusudi. Katika seti ya kwanza, hata pale walipopigiana kinyoya kwa muda mrefu zaidi, kilipigwa mara nne tu. Watazamaji waliolipa viingilio wakazomea, refarii akaingia kuwaonya. Baadaye jozi nyingine ya Korea Kusini na ile ya Indonesia zikarudia mchezo uleule.

Kesho yake jozi zote nne zilifukuzwa mashindanoni. Nafasi zao wakapewa walioshika nafasi ya tatu na ya nne katika makundi hayo mawili: Urusi, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Robo fainali ilikuwa jioni hiyohiyo. Sorokina na Vislova, waliokuwa wameshatoka, wakarudi uwanjani na kuwafunga Waafrika Kusini 21-9, 21-7. Nusu fainali wakafungwa na Tian na Zhao, ambao ndio waliochukua dhahabu. Tarehe 4 Agosti wakawafunga Wakanada Alex Bruce na Michelle Li 21-9, 21-10. Ikawa medali ya kwanza ya Urusi katika badminton ya Olimpiki.

Anayesema Warusi hawa waliokota dodo chini ya mnazi hasemi uongo. Hesabu mechi zao. Kwenye kundi walifungwa na China na Korea Kusini, wakaifunga Kanada. Baada ya kurudishwa, walioonja kipigo chao ni Afrika Kusini, kisha Kanada tena. Kwa hiyo London nzima hawakumfunga mtu yeyote ambaye angefika robo fainali bila fukuzafukuza ile. Na Kanada iliyocheza mechi ya medali haikuwa imeshinda hata mechi moja kwenye kundi. Utaratibu wa kujaza nafasi namna hiyo, kwa maoni yangu, ulikuwa wa harakaharaka.

Hata hivyo, kuwalaumu Warusi ni kumwacha mwizi ukamkamata mpita njia. Walifungwa na vigogo wakiwa wanajaribu kushinda, na hicho ndicho wale wanane walichokataa kufanya. Seti wanazoshinda watu kwa 21-9 na 21-10 kwenye mechi ya medali hazitolewi na kamati. Nusu ya njia walibebwa na makosa ya wengine, nusu iliyobaki walitembea kwa miguu yao. Ukiniuliza, mwenye haki ya kunung'unika ni Mdenmark. Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen ndio waliowafunga Tian na Zhao, wakaongoza kundi lao kwa halali, halafu wakatolewa robo fainali.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kelele za London zimefunika kazi halisi ya mabinti hawa. Mwaka 2010, mjini Manchester, walikuwa mabingwa wa Ulaya. Pale hapakuwa na aliyefukuzwa wala aliyejiangusha, na Denmark, taifa linaloitawala badminton ya bara hilo, iliondoka bila taji la wanawake wawili wawili. Ukitaka kupima uwezo wao, pima hapo. Medali ya London inaonyesha kitu kingine: tangu badminton iingie rasmi Olimpiki mwaka 1992, medali zote za wanawake wawili wawili zilikuwa zimekwenda China na Korea Kusini. Mwaka 2012 ndipo Ulaya ikapata ya kwanza, kupitia mlango uliofunguliwa na Wachina na Wakorea wenyewe.

Kabla ya Rio 2016 kanuni ilibadilishwa: wanaoshika nafasi ya pili makundini hupangiwa wapinzani kwa kura, hivyo kufungwa makusudi hakukuhakikishii njia unayoitaka. Huko Rio, Rytter Juhl na Pedersen walifika fainali na kuvaa fedha. Greysia Polii, mmoja wa Waindonesia waliofukuzwa London, alisubiri hadi Tokyo. Tarehe 2 Agosti 2021, akiwa na Apriyani Rahayu, alitwaa dhahabu, miaka tisa na siku moja tangu aamriwe kutoka.