Kushusha Beetle ya zamani: nyuma hakuna kesi, kesi iko mbele

Wenye Volkswagen Beetle za zamani wana ugomvi usiokwisha. Kambi moja inasema gari libaki lilivyotoka kiwandani, na anayelishusha lilale karibu na ardhi analiharibia historia. Kambi ya pili inajibu kwamba gari ni la mwenyewe, pesa ni yake, na Beetle iliyo kwenye kimo chake cha kiwandani inaonekana imesimamia vidole.

Kwa hoja ya historia, kambi ya kwanza haina nguvu kama inavyodhani. Kushusha pua ya Beetle na kuacha nyuma ilivyo ni mtindo uliokolea kusini mwa California mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vijana waliokuwa wakishindana mbio fupi za kunyooka. Mtindo huo una umri mkubwa kuliko wengi wanaoulaani. Ujerumani, namba ya H, ya magari ya kihistoria, wanayopewa wenye magari yaliyotimiza miaka 30 inavumilia mabadiliko ya aina iliyokuwa ikifanyika enzi za gari lenyewe. Uingereza, gari lililopita miaka 40 halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, lakini ukibadilisha aina ya springi au mfumo wa usukani, msamaha huo unaweza kukutoka. Hata hapo swali si gari limeshuka sentimita ngapi. Swali ni kama mfumo wenyewe umebadilishwa.

Ingia chini ya Beetle uone kwa nini swali hilo ndilo lenye maana. Nyuma hakuna springi za koili wala za mabamba. Kila upande una fito ya chuma iliyolala ndani ya bomba la kukingama, na inabeba gari kwa kujinyonga. Fito hiyo ina meno kwenye ncha zote mbili: 40 upande wa ndani, 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, la nje ni digrii 8 na kitu. Ukizungusha jino moja ndani na moja nje kwa kupingana, tofauti inayobaki haifiki digrii moja, yaani milimita chache tu kwenye gurudumu. Kiwanda chenyewe kiliacha nafasi ya kupandisha na kushusha. Hukati kitu, huchomelei kitu, na ukibadili mawazo unarudisha meno yalikokuwa. Ila si kazi ya kufanyia mchezo: bamba linaloshikana na fito hiyo likichomoka kwenye kizuizi chake linafyatuka kwa nguvu ya kuvunja mkono wa fundi.

Tena, kushuka kidogo nyuma kunaweza kusaidia. Beetle nyingi, hasa za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zina ekseli za nyuma zinazobembea kutoka kwenye giaboksi. Ukiingia kona kwa kasi na nyuma ikanyanyuka, gurudumu la nje huweza kujikunja kuelekea chini ya gari, na hapo ndipo watu wamepinduka. Likishushwa kiasi, magurudumu yanalala ndani kwa juu na hatari hiyo inapungua. Gharama yake ni tairi kulika upande wa ndani.

Mbele ni habari nyingine. Kwenye Beetle nyingi kuna mabomba mawili yaliyokingama, kila moja limejaa vipande bapa vya chuma vilivyobanwa katikati, navyo ndivyo springi. Njia ya bei nafuu ni kukata mabomba kwa grinda, kuingiza kirekebishio cha kimo na kuchomelea. Usalama wote wa mbele unabaki mikononi mwa aliyeshika mashine ya kuchomelea siku hiyo. Na kwa Beetle za kuanzia modeli ya 1966, zenye boljointi (viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu), ukishusha kupita kiasi boljointi zinafika mwisho wa pembe yake na kuanza kukwama. Njia ya pili ni kubadilisha kile chuma kinachobeba gurudumu, uweke ambacho ekseli yake imepandishwa kama sentimita 6. Gari linashuka, springi zinabaki na mchezo wake wote. Ubaya ni kwamba magurudumu hutoka nje kidogo, na tairi pana zitakwaruza madigadi kila ukikata kona kali.

Vilevile pua ikishuka kuliko nyuma, ile pembe inayofanya usukani ujinyooshe wenyewe inapungua. Mjini hutaona kitu. Utaona kwenye barabara kuu, lori likikupita na gari likaanza kutangatanga. Dawa ipo, ni vipande vyembamba vya chuma nyuma ya bomba la chini, lakini wangapi wanaviweka?

Wenye Corolla KE70 au Peugeot 504 za saluni wasijidanganye na hadithi ya meno. Springi zao ni za koili, na kuzikata kwa grinda au kuzichoma kwa gesi zilale ni ujinga mtupu. Iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake, iliyochomwa imekufa nguvu.

Kwetu Afrika Mashariki, naona kambi ya asili ina hoja bora kuliko ile inayopenda kuitumia. Volkswagen zilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mashimo. Beetle ina kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Ukitoa 6, hesabu mwenyewe matuta yaliyopo kati ya Dar es Salaam na Morogoro, halafu kumbuka ekzosi iko wapi.

Mimi ningeanza nyuma, kwa meno, kidogo kidogo. Mbele ningebadilisha vyuma vya magurudumu na kuyaacha mabomba salama, nikaweka vile vipande vyembamba siku hiyohiyo. Na vyuma vya zamani ningevipaka grisi na kuvifungia stoo, mnunuzi wa skrepa asivione.