Kuku Hana Kosa, Mishikaki Mmeichoma Nyinyi

Nairobi hii kila mtu ni fundi wa mishikaki mpaka umkabidhi kuku. Ukimkabidhi, anakurudishia makaa nje na damu ndani, halafu anakwambia shida ni viungo. Viungo! Mtu ameunguza kuku wa watu, kisha anatoka mbio dukani kuongeza pakiti ya tatu ya masala. Maskini binzari, anasingiziwa kila wikendi na hata hajaitwa kujitetea.

Ladha ya mshikaki wa kuku inaamuliwa na kisu na moto. Viungo vinakuja nyuma vikibeba mizigo.

Tuanzie buchani, maana ndiko ugomvi unakoanzia. Ukisema unataka kuku wa mishikaki, utauziwa kidari. Kidari ni cheupe, hakina mfupa, kinapendeza machoni, na bei yake imepanda mpaka imeanza kujisikia. Lakini hakina mafuta. Kikizidisha dakika mbili motoni kinakauka, kinakwama kooni, na wageni wanaanza kuomba maji kwa zamu. Nunua paja. Paja lina mafuta na utando unaolainika kadiri joto linavyopanda, kwa hivyo hata ukikawia kidogo kwenye simu linakusamehe. Taabu ni kwamba paja lililotolewa mfupa halipatikani kila bucha, na linapopatikana unatozwa hadi jasho la aliyelitoa.

Basi nenda City Market, au soko la Burma, au kwa muuza kuku wa mtaani kwenu, ununue mapaja na mifupa yake, ukafanye kazi hiyo mwenyewe. Laza paja ngozi ikiwa chini. Pitisha ncha ya kisu juu ya mfupa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwangua nyama pande zote mbili, kisha inua mfupa na ukate kilichobaki chini yake. Pale penye goti pana gegedu jeupe, gumu. Lipapase kwa kidole ulitoe, maana ukiliacha kuna mgeni atakayeuma na kunyamaza ghafla katikati ya hadithi. Kilo moja na nusu ya mapaja na miguu itakupa kilo moja ya nyama au pungufu kidogo. Mifupa ni supu, usiitupe.

Na kuku wa kienyeji tafadhali aachwe. Najua mnampenda. Huyo ni wa sufuria na subira. Amezurura kijiji kizima miezi na miezi, misuli imekomaa, halafu wewe unataka alainike kwa dakika 12 juu ya jiko? Mishikaki ni ya broila, bila kumvunjia mtu heshima.

Kuna wale wanaonunua kuku saa sita mchana, wanampakata kwenye matatu, wanakaa kwenye jamu ya Jogoo Road mpaka dereva anazima injini, wakifika nyumbani wanashangaa harufu. Kuku mbichi hatakiwi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na matatu si friji hata kama dirisha limekataa kufungika. Mnunue mwisho, ukiwa njiani kurudi. Kama ameganda, mweke sehemu ya chini ya friji usiku mzima. Usimwanike kwenye sinki. Ukimkata akiwa bado na barafu moyoni, maji yatatoka motoni, na nyama yenye maji haichomeki, inachemka.

Sasa niwaudhi kina mama wote kwa mkupuo mmoja: acheni kumwosha kuku kwenye bomba. Matone yanaruka na kubeba vijidudu vya salmonela hadi kwenye nyanya za kachumbari, ambazo hazitapita motoni. Kinachoua vijidudu ni joto. Toa kinyesi au manyoya ukiyaona, kisha mpanguse kwa tishu ya jikoni mpaka nyama ikauke. Haya, nitukaneni, halafu tuendelee.

Kukata ndiko wengi wanakoanguka. Kipande kiwe sentimita 3 kila upande, karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Kikiwa kidogo zaidi kinakauka kabla hakijapata rangi. Kikiwa kikubwa kinaungua nje na ndani bado kinawika. Na vilingane! Mshikaki mmoja wenye kipande cha ukubwa wa ngumi na kingine cha ukubwa wa kifungo hauwezi kuiva kwa haki, utake usitake. Paja lina kingo nyembamba zinazoning'inia. Hizo zikunje mara mbili kabla ya kuzichoma kijiti, zifikie unene wa wenzake.

Kwa kilo moja ya nyama tupu: nusu kikombe cha yogati isiyo na sukari, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba, kimoja cha papirika, nusu ya manjano, nusu ya pilipili manga, na vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia. Basi. Saumu na tangawizi uvisage, usivikatekate, maana vipande vyake vinaungua na kuleta uchungu.

Nimesema yogati isiyo na sukari. Ukienda duka la mtaani utapata vanila, stroberi na embe, zimejipanga zinakutazama. Usijaribu. Sukari inaungua mapema, na kuku wa stroberi hajawahi kumfurahisha mtu. Chukua maziwa lala (ya mgando) yasiyo na sukari, uyamimine kwenye kitambaa safi juu ya kichujio, uyaache friji saa moja au mbili. Maji yakishuka, kinachobaki juu kinafanya kazi ileile na kina nafuu mfukoni. Asidi yake ni ya upole, kwa hivyo nyama inaweza kulala humo hadi asubuhi bila kuharibika. Muda wa chini ni saa mbili, na yote hayo ndani ya friji.

Ndimu ni habari nyingine. Mama mboga atakuuzia fungu zima na wewe, kwa sababu umelipia, utakamua lote. Asidi kali inaanza kukaza nyama ya kuku kutoka nje. Ukiiacha usiku kucha asubuhi inakuwa nyeupe, ngumu juu, ungaunga ndani. Vijiko viwili vya mezani vinatosha, na viingie nusu saa ya mwisho. Papai bichi nalo, lile mnalosikia linalainisha nyama, lina kimeng'enya kinachokula protini bila breki. Kwa ng'ombe mzee ni rafiki. Kwa kuku wa broila, ambaye tayari ni laini, lisipokuwa kidogo na la muda mfupi utakuta kwenye bakuli uji wenye ngozi.

Na wewe wa pakiti za masala: soma nyuma ya pakiti. Mara nyingi chumvi ndiyo inayoongoza orodha. Ukitia pakiti, punguza chumvi yako, la sivyo wageni watakesha wakitafuta maji, na mnajua siku za maji mtaani ni ngapi.

Vijiti. Kila mtu anajua viloweshwe nusu saa, na kila mtu anashangaa bado vinashika moto. Maji yanachelewesha tu. Dawa ni kuijaza nyama sehemu yote inayokaa juu ya makaa, na mkia wa kijiti ubaki nje ya jiko, au uukinge na karatasi ya foili. Vipande vigusane lakini visibanane. Vikibanana, pale vinaposhikana joto halifiki na ndipo damu inapojificha. Weka vitano kwa kijiti. Kilo moja inatoa mishikaki 7 hivi. Kama vipande vinazunguka ovyo unapogeuza, tia vijiti viwili sambamba kwenye mshikaki uleule, vitatulia vyenyewe.

Halafu ile picha ya mtandaoni: kuku, hoho, kitunguu, nyanya, kuku, hoho. Inapendeza kweli. Lakini hoho inataka dakika zake, nyanya zake, kuku zake. Ukisubiri kuku aive, nyanya imeanguka kwenye majivu. Mboga zipewe vijiti vyao. Hata bungeni hukaa pande mbili.

Sasa moto, na hapa ndipo keateka, yule mwangalizi wa nyumba za kupanga, anapoingia. Nusu ya ploti za Nairobi zimepiga marufuku makaa kwenye balkoni, nusu nyingine hazijaandika ila keateka atapanda ngazi pindi harufu inapokuwa nzuri. Usikubali kukimbilia ndani na jiko. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliofunga milango wakijipasha moto. Jiko ni la nje, kwenye uwazi. Ikibidi mpatie keateka mshikaki mmoja kabla hajauliza. Ni gharama ya uzalishaji.

Makaa yenyewe ni msiba mwingine kwa bei yake. Marufuku ya ukataji miti iliwekwa mwaka wa 2018, ikaondolewa 2023, na sijaona muuza makaa aliyesikia kwamba iliondolewa. Kwa hivyo usiyachezee. Yawashe kwa vijiti na karatasi, si kwa mafuta ya taa, maana harufu ya taa inahamia kwenye nyama na haihami tena. Subiri dakika 20 hadi 30 mpaka yafunikwe na majivu meupe. Moto unaowaka kwa ndimi haujakomaa, unapaka masizi tu. Kinga kiganja chako juu ya jiko pale nyama itakapokaa: ukivumilia sekunde 3 au 4, moto umefaa. Ukitoa mkono kabla hujamaliza kuhesabu moja, ngoja. Ukiweza kukaa hapo ukipiga gumzo, ongeza makaa.

Pangusa uji wa yogati uliozidi, weka mishikaki, ugeuze kila baada ya dakika 2. Kwa vipande vya sentimita 3 itachukua dakika 10 hadi 12. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, usimwagie maji, majivu yatapanda yakae juu ya nyama. Sogeza mishikaki pembeni mpaka utulie. Paka mafuta kidogo kwa shina la kitunguu cha majani ukitaka ing'ae, ila usipake ule mchuzi uliolalia nyama mbichi, hasa dakika za mwisho. Ukwaju, asali, tomato sosi, chochote chenye sukari, kipakwe ikibaki dakika 2.

Kuiva ni nyuzi joto 74 katikati ya kipande kinene; paja linapendeza zaidi likifika 80. Vipimajoto vidogo vinauzwa na havina makuu. Ila mkikipima kwenye maji yanayochemka msikirudishe dukani na kelele. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto hakijadanganya, ni mwinuko. Kipimeni kwenye maji yenye barafu tele, kisome 0. Asiyenacho akate kipande kinene kuliko vyote: maji yatoke bila uwekundu, na nyama isiwe na ule mng'ao wa mpira.

Wasio na balkoni wala uwazi, kuna meko. Hapo kosa ni moja na mnalirudia wote: kijiti ni cha sentimita 25 au 30, kikaango ni cha 24. Ncha zinakaa ukingoni, nyama inaning'inia hewani haigusi chuma, halafu mnasema gesi ni dhaifu. Kateni vijiti kwanza, kabla ya kutunga nyama. Kikaango kizito kipate moto dakika 3 au 4, mafuta yapakwe kwenye nyama na si kumwagwa kikaangoni, mishikaki mitatu kwa wakati, isisongamane. Ukijaza, mvuke unakosa pa kwenda na unapata mchuzi. Dakika 3 kila upande kwa pande nne, nayo imeiva. Fungua dirisha.

Ikitoka, iache kwenye sinia dakika 5. Najua haiwezekani. Watu wamesimama na sahani, mmoja anasema anaonja tu, na kuonja kwake ni mshikaki mzima. Jishughulishe na kachumbari hapo: kitunguu kikate chembamba, ukisugue na chumvi, usuuze mara mbili kabla ya kutia nyanya na dania, uchungu unaisha. Kata kwenye ubao mwingine, si ule wa kuku.

Yakibaki mabaki, toa nyama kwenye vijiti, iingie friji kabla haijakaa nje saa mbili. Kesho ipashe kwenye kikaango na kijiko kimoja cha maji, ufunike dakika 3, uitie ndani ya chapati. Na uipashe asubuhi na mapema, kabla yule anayeonja hajaamka.