Madaftari Mawili ya Shule Moja

Katika kikao cha wazazi kilichopita nilikaa katikati ya akina mama wawili. Wa kushoto alininong'oneza kwamba shule hii imeoza, anatafuta uhamisho kabla mwaka haujaisha. Wa kulia akamsikia. "Mwenzangu, mbona wangu siku hizi anasoma hadi maandishi ya kwenye pakiti za sabuni?" Watoto wao wote wako darasa la tatu, mmoja mkondo B, mwingine mkondo A. Mimi nilinyamaza. Nina wawili pale, na kwa mmoja ningemuunga mkono wa kushoto, kwa mwingine wa kulia.

Mwanangu mkubwa alipita darasa la tatu miaka mitatu iliyopita, akapata mwalimu aliyesahihisha kila kitu. Daftari lake la hisabati bado ninalo: wino mwekundu kila ukurasa, na pale alipokosea ameonyeshwa njia, hakuwekewa alama ya kosa tu akaachwa. Mwanangu mdogo yuko darasa hilo sasa. Mwalimu wake alikwenda likizo ya uzazi, mbadala hakuja, mkondo B ukaunganishwa na C. Daftari lake la muhula mzima lina kurasa 9 zilizosahihishwa. Nilizihesabu mwenyewe, kwa hasira. Geti ni lile lile, mwalimu mkuu ni yule yule, sare ni ile ile.

Kwa hiyo nikiambiwa shule fulani ni nzuri au ni mbovu, siku hizi nauliza: mkondo gani, mwaka gani?

Jambo hili si geni. Mwaka 1966 huko Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti waliyoagizwa na serikali, iliyohusu wanafunzi zaidi ya 600,000. Wengi walitarajia pengo kubwa la matokeo lionekane kati ya shule na shule. Sehemu kubwa ikaonekana ndani ya shule zenyewe, kati ya watoto wanaoingilia mlango mmoja. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba hali ya nyumbani ina uzito mkubwa, na wapo walioidaka sehemu hiyo tu wakasema basi shule haina inachobadilisha. Huko mimi siendi. Wanangu wanalala chumba kimoja na kuamshwa na mama mmoja; tofauti ya madaftari yao haikutoka nyumbani.

Kuna wazazi wengine ambao hawataki hadithi za madaftari, wanataka wastani. Shule ile imepata 72, yetu 54, mjadala umekwisha. Haya, tuzitazame namba zenyewe. Tuseme shule ya 72 inachuja watoto mlangoni, na hao waliopita mchujo waliingia wakiwa tayari na uwezo wa 70. Yetu inapokea kila anayebisha hodi, tuseme waliingia na 30. Hapo nani amefundisha? Karatasi ya matokeo haina jibu, kwa sababu hakuna aliyeandika mtoto alianzia wapi. Tunaisifu shule kwa kazi iliyofanywa na mchujo, na kwa kiasi fulani na tuisheni ya jioni.

Isitoshe, namba ikishapewa nguvu ya kupandisha na kushusha watu, huanza kupikwa. Mjini Atlanta, Marekani, walimu walifuta majibu ya wanafunzi na kuweka yaliyo sahihi ili shule zao zing'are. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watumishi 11 wa shule za umma za mji huo. Wazazi wa shule hizo walikuwa wakisherehekea wastani wa kalamu ya mtu mzima. Uingereza nao, tangu Septemba 2024, wakaguzi wameacha kuipa shule ya umma hukumu ya jumla ya neno moja. Nadhani wamefanya vyema, ingawa najua mzazi aliyechoka hupenda neno moja.

Sisemi mitihani ifutwe. Mtoto akifika darasa la nne hajui kusoma, hakuna maelezo yatakayomfunika.

Anayeniumiza roho ni yule mama wa kushoto. Ndiye anayefuata daftari lisiposahihishwa, ndiye anayejua jina la kila mwalimu. Akihama, shule inampoteza mtu aliyekuwa akiisumbua kwa faida ya watoto wote wa B. Mwanauchumi Albert Hirschman aliliona hili mwaka 1970: wanaojali ubora zaidi ndio wanaotangulia kuondoka, na shule inabaki na wasiopiga kelele. Simlaumu. Mtoto ana darasa la tatu moja tu. Ila nikifikiri ni nani atakayeuliza akishaondoka, najikuta nabaki mimi, niliyekuwa nimenyamaza.

Ajenda ilikuwa rangi ya ukuta wa mbele. Baada ya nusu saa ya rangi nikanyoosha mkono, nikauliza mwalimu mbadala wa mkondo B anakuja lini. Mwalimu mkuu akasema ameandika barua mbili, hajajibiwa. Nikataja jaribio la jimbo la Tennessee, Marekani, la kati ya 1985 na 1989, ambako watoto wadogo waliowekwa katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 waliwazidi wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25 katika kusoma na hisabati. Sisi tumewaunganisha, nikasema, na hao 25 kwetu ni ndoto.

Mama wa kulia akanigeukia. "Kumbe B hawana mwalimu?"

Darasa la mwanawe na la wangu yanatenganishwa na ukuta mmoja.