Kabla ya kuwalaumu wanafunzi, pigeni nao hesabu ya bumu

Juma lililopita nilihudhuria kikao cha familia hapa Tabora, kilichoitishwa ili kumchangia binti yetu mmoja aliyepata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama, akasema hatatoa hata shilingi, kwa sababu watoto wa siku hizi hupewa na serikali bumu, yaani fedha ya chakula na malazi chuoni, wakalimaliza kwa wiki mbili, kisha wakageuka kuwasumbua wazazi. Wajumbe kadhaa walitikisa vichwa kukubaliana naye. Binti mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, na hakuna aliyemuuliza kama anajua fedha hiyo ni kiasi gani, inaingia lini na itatumika katika nini. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya kahawa, na nimechoka kuyavumilia, kwa kuwa yanamhukumu kijana kabla hajapanda hata gari la kwenda chuoni.

Tupige hesabu. Fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipandishwa miaka michache iliyopita kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku, na mwanafunzi huipokea kwa mkupuo wa takriban siku 60. Anayepata fungu hilo kwa ukamilifu anashika shilingi 600,000 kwa siku moja. Kijana wa miaka 19 kutoka Sikonge au Urambo, ambaye pengine hajawahi kumiliki laki moja iliyo yake, ataiona kuwa ni mali nyingi, na wazazi wake wataiona hivyo hivyo. Lakini wengi hawapati hosteli za chuo, na mwenye nyumba wa mtaani hataki kodi ya miezi miwili. Anataka ya miezi sita. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, ambacho si cha anasa hata kidogo, kinameza shilingi 300,000 siku hiyo hiyo. Bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, nayo inasubiri. Godoro, ndoo, jiko na vyombo vichache havipatikani kwa chini ya laki moja. Kinachobaki hakifiki 150,000, na ukikigawa kwa siku 60 unapata chini ya shilingi 2,500 kwa siku, katika jiji ambalo sahani moja ya wali na maharage kwa mama lishe inaweza kula zaidi ya nusu ya fedha hiyo. Huyo ndiye mtapanyaji tunayemsema.

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba lipo pia fungu la vitabu na viandikwa, shilingi 200,000 kwa mwaka. Ni kweli, na nalo lina kazi yake: kunakili vitini, kununua daftari, kuchapa kazi za muhula mzima na kulipia bando la kusomea. Tena mikopo hupangwa kwa viwango kulingana na uwezo wa familia unaoonekana kwenye nyaraka, hivyo wapo wasiopata mafungu yote kwa ukamilifu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno haya yanasemwa hapa Tabora, kwa watu wa tumbaku, ambao walipaswa kuelewa mapema kuliko watu wa mkoa mwingine wowote. Mkulima wa Kaliua hapati mshahara wa mwezi. Anakopa mbolea na pembejeo kupitia chama cha msingi cha ushirika, analima, anakausha, anasubiri masoko yafunguliwe, anasubiri tena malipo, na fedha inapoingia inakuja kwa mkupuo ikiwa tayari imekatwa deni. Siku hiyo kila mtu anamdai: duka, ada za watoto, vibarua wa shambani, fundi wa bani la kukaushia tumbaku. Baada ya miezi michache ameishiwa, na hakuna mtu mwenye akili anayemwita mtapanyaji. Tunasema mazao yamelipwa kwa kuchelewa, au makato yamekuwa makubwa, au mwaka umekuwa mgumu. Mzee aliyesimama kikaoni ameishi maisha hayo tangu ujana wake. Alikuwa mtu bora kuliko wote pale kumfundisha binti namna ya kuishi na fedha inayokuja kwa msimu, na badala yake akamfungia mlango.

Fundisho lenyewe halihitaji darasa la uhasibu. Bumu la kwanza ni gumu kwa sababu lina kodi ya miezi sita na vitu vya kuanzia maisha, na hapo ndipo familia inapotakiwa kusaidia. Hatari kubwa zaidi imo katika bumu la pili. Kodi imekwisha kulipwa, godoro lipo, na mwanafunzi anaishika laki sita akiamini kwamba yote ni yake. Siyo yake yote. Kodi ya shilingi 300,000 kwa miezi sita ni shilingi 100,000 katika kila bumu, hata pale ambapo mwenye nyumba hajabisha hodi. Laki hiyo itolewe siku ile ile na kuwekwa mahali ambapo si rahisi kuichomoa, kwa mzazi, kwa dada anayeaminika au kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi. Kinachobaki ni 500,000, na hicho kisigawanywe kwa siku 60, kwa kuwa kila aliyepita chuoni anajua bumu huchelewa: mara majina hayajafika, mara kuna hitilafu katika kusaini, mara chuo hakijatuma matokeo. Mimi huwaambia vijana wagawe kwa siku 75. Wanapata kama shilingi 6,600 kwa siku, na hiyo ndiyo fedha yao halisi. Anayepanga maisha yake kwa elfu kumi anapanga kwa fedha asiyokuwa nayo.

Siku zile 15 za kuchelewa ndizo zinazowaharibu watoto wetu, na hapa naomba wazazi wanisikilize kwa makini. Mwanafunzi aliyeishiwa chakula akiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka Tabora na zaidi ya 1,200 kutoka Kigoma, hawezi kurudi nyumbani kula. Anapopiga simu akajibiwa kwa kejeli, anakwenda kwa mkopeshaji. Wapo wanaokabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri, wapo wanaopakua programu za mikopo zinazosoma majina yote yaliyomo kwenye simu kisha kuwatumia ndugu na walimu ujumbe wa kuwadhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na mikopo ya namna hiyo haikuitwa kausha damu bure. Bumu likiingia linakuwa limekwisha liwa. Kijana anaanza siku 60 mpya akiwa na deni, na kuanzia hapo hakuna mgawanyo wowote wa hesabu utakaomsaidia, kwa sababu kila bumu linalipa lililopita.

Nakubali kwamba wapo wanaochezea fedha. Wapo wanaoweka mikeka ya kubashiri mechi, wapo wanaonunua simu ya kuwafurahisha wenzao kabla ya kulipa kodi. Sitawatetea. Lakini kuwatumia hao kuwanyima wengine wote gunia la mchele ni dhuluma. Familia isiyo na fedha taslimu ina chakula. Nimeona watoto wa Kigoma wakisafiri na dagaa waliokaushwa vizuri, dumu la mawese na unga wa muhogo, na muhula wao wa kwanza huwa tofauti kabisa na wa mwenzao aliyefika na begi la nguo peke yake. Sisi tuna karanga, maharage, asali, na mchele wa Nzega na Igunga. Gunia moja la mchele linaokoa fedha kuliko nasaha za saa mbili.

Jambo jingine linatuhusu sisi tunaobaki nyumbani. Bumu la kwanza lina macho mengi. Mdogo wake anadaiwa sare, bibi anaumwa, mjomba anataka kuongezewa mtaji, na binti asiyeweza kumkatalia mkubwa wake anatuma elfu thelathini hapa, elfu ishirini pale. Kisha mjomba huyo huyo ndiye anayesema kikaoni kwamba wanafunzi hawajui kutunza fedha. Naomba sana tuwaache.

Na tukome kuiita fedha hiyo zawadi ya serikali. Ni mkopo, unaotokana na sheria ya mwaka 2004, na atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi hadi deni liishe. Nafuu ipo, kwa kuwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, lakini kilichokopwa kitalipwa chote. Anayekula ugali kwa bumu anakula mshahara wake wa kesho, kwa hiyo hana deni la shukrani kwa yeyote anayemsimanga.

Maombi yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wenye nyumba walio karibu na vyuo, wakiwamo wa hapa kwetu Tabora, ambao hupokea wanafunzi kila Oktoba na Novemba. Pokeeni kodi ya miezi miwili miwili, inayokwenda sambamba na bumu. Kwa chumba cha 50,000 mtapokea 100,000 fedha inapoingia, na mwaka mzima hamtapoteza hata shilingi moja. Mkihofia kwamba mpangaji atatoroka, andikishianeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mzazi awe mdhamini na namba yake ya simu iandikwe kwenye mkataba. Mwanafunzi huyo atabakiwa na laki mbili zaidi mkononi katika bumu lake la kwanza, ambazo kwa siku 60 ni zaidi ya shilingi 3,300 kila siku.