Jengo lisubiri, makaratasi hayasubiri

Naliheshimu pendekezo la makala niliyoisoma kwamba wakaazi wa Wete, Pemba, waunde jumuiya ya historia na waanze kwa kutafuta jengo la makumbusho, lakini naona jengo linaweza kusubiri. Pemba tayari ina makumbusho katika ngome kongwe ya Chake Chake. Kisichokuwa na mwangalizi ni makaratasi ya majumbani, yaani hati za mashamba, stakabadhi za karafuu, barua za herufi za Kiarabu, na picha za harusi ambazo majina ya waliomo anayajua bibi mmoja tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza kwa zao hilo. Kwa hiyo masimulizi ya wazee kuhusu mashamba ya karafuu ya Pemba nayo yarekodiwe sasa. Katibu awe na daftari linaloonesha kila kilichopokewa, aliyekitoa na sharti lake, kisha kipigwe picha na kurudishwa siku hiyo hiyo, kwani asiyerudishiwa hati ya shamba (na mashamba yetu yana kesi zake) hataleta kitu tena. Nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa, Unguja, isibakie kabatini kwa mwenyekiti pamoja na mchwa.